Solomon Linda na Wimbo wa Simba

Wako watu wachache ambao kazi ya vinywa vyao imezunguka dunia nzima, nao wenyewe hawakufika hata robo ya mahali ilipofika. Mmoja wao ni Solomon Linda, Mzulu wa Afrika ya Kusini, aliyetunga wimbo wa simba uitwao Mbube. Wimbo huo umeimbwa New York, London na Paris, umetiwa maneno ya lugha nyingi, na watoto wa kila rangi wanaujua. Lakini ukiwauliza wanaouimba ni nani aliyeutunga, wengi hawana la kujibu. Basi, wasomaji wetu, wanafunzi na ninyi wenzetu mliokwisha kumaliza masomo, yafaa tumjue mtu huyu, maana habari zake zina faida kwa kila anayependa kuimba, na kwa kila atakayewekewa karatasi mbele yake siku moja na kuambiwa atie sahihi.

Utoto wake

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, katika wilaya ya Msinga, nchi ya Natal. Ilikuwa nchi ya milima na ukame, na vijana wengi walikuwa wakiiacha kwenda kutafuta kazi mijini. Kama watoto wote wa Kizulu wa siku zile, Linda alichunga ng'ombe. Husimuliwa kwamba mawazo ya wimbo wake yalitoka katika siku hizo, wavulana walipokuwa wakilinda ndama wasichukuliwe na simba.

Alisoma katika shule ya misheni ya Gordon Memorial. Huko alijifunza nyimbo za kanisani, ambazo huimbwa kwa sauti nne zinazopatana, na aliingia katika mashindano ya kwaya. Nyumbani alisikia nyimbo za harusi za Wazulu, ambazo mmoja huanza na wengine humwitikia. Tena palikuwapo muziki wa tatu. Kati ya mwaka 1890 na 1898, Orpheus McAdoo, Mmarekani mweusi, alizunguka Afrika ya Kusini na kundi lake la waimbaji, na namna yao ya kuimba iliwaingia watu sana. Vijana wa shule za misheni waliiga nyimbo za Kimarekani, wakazigeuza zikawa za kwao.

Hili tulikumbuke, maana litatufaa mbele. Wimbo wa Linda uliokwenda Marekani ulikuwa na damu ya Kimarekani ndani yake tangu mwanzo. Muziki haujui mpaka wala pasi ya kusafiria. Huondoka kwa watu hawa, ukakaa kwa wale, ukarudi umevaa nguo nyingine.

Johannesburg

Mwaka 1931 Linda alikwenda Johannesburg kutafuta kazi. Alifanya kazi katika duka la vyombo vya nyumbani, na jioni aliimba katika kundi lililoitwa Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni, ambalo wajomba zake walikuwa wakuu wake. Kundi lile lilivunjika mwaka 1933. Linda akapata kazi katika hoteli ya Carlton, akaanzisha kundi jingine kwa jina lilelile pamoja na vijana wenziwe wa Pomeroy. Walikuwa sita. Linda mwenyewe alishika sauti ya juu kabisa; wawili walishika sauti za kati, na watatu sauti nene za chini.

Siku zile maelfu ya wafanya kazi walilala katika mabweni ya mjini, mbali na wake zao na watoto wao. Furaha yao kubwa ilikuwa mashindano ya kuimba, yaliyofanywa usiku wa Jumamosi hata kulipopambazuka. Kundi baada ya kundi lilipanda jukwaani, na kila moja lilitaka kulishinda jingine kwa sauti, kwa miguu na kwa mavazi. Ndege wa Jioni walivaa suti za milia na kofia ngumu za duara, viatu vikang'aa. Linda alikuwa mtu mrefu, na aliposimama mbele ya wenziwe na kupaza sauti yake nyembamba juu ya zile sauti nene tatu, watu walinyamaza. Makundi mengine yakaanza kuwaiga.

Mwaka 1938 walisikiwa na Griffiths Motsieloa, mtu mweusi aliyekuwa akiitafutia waimbaji kampuni ya santuri ya Eric Gallo. Kampuni hiyo ilikuwa na chumba cha kunasia sauti pale Johannesburg, na katika nchi zetu za kusini ya Sahara chumba cha namna hiyo kilikuwa hakijapatikana kwingine.

Wimbo wenyewe

Mwaka 1939 Ndege wa Jioni waliingia katika chumba hicho wakaimba wimbo wa Mbube. Mbube kwa Kizulu ni simba. Maneno yake ni machache mno, nayo yanarudiwa-rudiwa: sauti nene zinamwita simba, na Linda anaelea juu yao bila maneno, mara akilia kama mtoto, mara akipiga ukelele kama mchungaji mlimani. Waliuimba mara tatu. Katika ile mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda alitoa papo hapo sauti fupi ambayo haikuwamo katika mazoezi yao. Sauti ile ya nafasi ya pumzi chache ndiyo ambayo baadaye dunia nzima iliijua.

Santuri ikatolewa, ikapendwa. Kufika mwaka 1949 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 100,000. Namna ile ya kuimba ikaitwa mbube, kwa jina la wimbo wenyewe. Katika namna hiyo ikatoka nyingine ya sauti za upole, iitwayo isicathamiya, maana yake ni kunyata, kwa sababu waimbaji wake hukanyaga polepole kama paka. Ladysmith Black Mambazo, kundi lililoanzishwa na Joseph Shabalala mwaka 1960 na kujulikana duniani kote, ni watoto wa shina hilo.

Na Linda alipata nini? Mara baada ya kuimba, alitia sahihi karatasi ya kuiuzia kampuni haki zote za wimbo ule kwa shilingi 10. Mtu mweusi wa Afrika ya Kusini wa siku zile hakuwa na wakili wa kumsomea karatasi, wala hakuna aliyemweleza kwamba mtungaji hustahili kulipwa fungu kila wimbo wake unapouzwa. Alipewa pia kazi katika ghala ya kampuni, kufagia sakafu na kupeleka chai. Fikirini jambo hilo. Santuri zake zilipita mbele ya macho yake kwa maelfu, naye ameshika ufagio.

Wimbo wafika New York

Karibu na mwaka 1949 santuri moja ya Mbube ilifika mikononi mwa Alan Lomax, Mmarekani aliyetumia maisha yake kukusanya nyimbo za watu wa kawaida. Akampa rafiki yake, Pete Seeger. Seeger alikuwa mpiga banjo, na kundi lake la watu wanne, The Weavers, lilikuwa likiimba nyimbo za wakulima na wafanya kazi wa nchi mbalimbali. Aliisikiliza tena na tena, akiandika kila sauti katika karatasi.

Ila Kizulu hakukijua. Neno lililokuwa likirudiwa na sauti nene ni uyimbube, maana yake wewe ni simba. Sisi tujuao Kiswahili hatupati taabu kubwa hapo, maana ile u ya mwanzo ni ndugu ya u yetu tunaposema u mwanafunzi au u mgeni. Seeger alisikia wimoweh, neno lisilo na maana katika lugha yo yote, akaliandika hivyo hivyo. Wimbo ukaitwa Wimoweh, na kwa jina hilo ukatembea.

Mwishoni mwa mwaka 1951 The Weavers waliuimba pamoja na bendi kubwa ya Gordon Jenkins, yenye matarumbeta na fidla. Mwaka 1952 ukawa miongoni mwa nyimbo zilizouzwa sana Marekani. Juu ya santuri hapakuandikwa Solomon Linda. Palitajwa Paul Campbell, jina la kubuni walilolitumia The Weavers wenyewe. Baadaye Seeger alipopata habari za mtungaji wa kweli alimpelekea dola 1,000, akataka fungu lake lifikishwe kwa Linda. Lakini mambo ya fedha yalikuwa mikononi mwa wachapishaji, na kwa miaka mingi kilichomfikia Linda na jamaa yake kilikuwa kidogo sana.

Kila mji na nguo yake

Sasa natutazame jambo la ajabu. Ukitaka kujua muziki wa mji fulani, wape watu wa mji huo wimbo wa kigeni, kisha usikilize watakavyoufanya. Kile watakachokiongeza ndicho chao. Wimbo wa Linda umetufanyia kazi hiyo katika miji mingi.

Kwa The Weavers tunasikia New York ya baada ya vita: banjo ya shamba imekaa pamoja na matarumbeta ya ukumbi wa dansi. Mwaka 1960 Miriam Makeba, binti wa Johannesburg aliyekuwa amehamia Marekani, aliuimba kwa Kizulu chake, na Wamarekani wakasikia maneno yake ya asili. Mwaka 1961 vijana wa Brooklyn waitwao The Tokens waliuchukua. Vijana wa mitaa ile walikuwa na desturi ya kukusanyika pembeni mwa barabara, wakaimba bila ala, mmoja akitoa sauti nyembamba na wengine wakiigiza ngoma na besi kwa vinywa vyao. Bila kujua, walikuwa wakifanya jambo lililofanana na la vijana wa mabweni ya Johannesburg. George David Weiss aliutungia maneno ya Kiingereza juu ya simba anayelala usiku mwituni, na ile sauti fupi ya Linda ya mwaka 1939 ikawa ndiyo wimbo wenyewe. Santuri ile ilikuwa na wimbo mwingine uliotazamiwa kupendwa, na wa simba uliwekwa upande wa pili. Lakini watu waliugeuza upande huo. Desemba 1961, mwezi uleule Tanganyika ilipopata uhuru wake, ukawa wimbo wa kwanza katika Marekani yote.

Mwaka 1962 Karl Denver, Mskochi, aliuimba Uingereza kwa kupindisha koo kama wachungaji wa milima ya Ulaya. Mwaka huohuo Henri Salvador, mzaliwa wa Cayenne, aliuimba kwa Kifaransa, na katika maneno ya Kifaransa simba halali tena, amekwisha kufa. Mwaka 1982 kundi la Tight Fit liliurudisha Uingereza kwa vyombo vya umeme na mwendo wa dansi, ukashika nafasi ya kwanza huko pia. Mwaka 1994 ukatiwa katika filamu ya Disney, The Lion King. Humo nguchiro na ngiri wanauimba kidogo njiani, na simba mwenye hadithi anaitwa Simba, kwa Kiswahili chetu. Hivyo simba wa Wazulu alirudi Afrika akiwa na jina la pwani ya mashariki.

Mambo ya namna hii si mageni kwetu. Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, akafariki mwaka 1905. Sauti yake ilivuka mito na mipaka, na jirani zetu wa Tanzania wakaitia maneno ya Kiswahili, ikawa Mungu Ibariki Afrika, wimbo wao wa taifa. Na wimbo wa Malaika umeimbwa ughaibuni na watu wa kila namna, huku nyumbani watu wakibishana juu ya mtungaji wake. Nyimbo huazimwa, na kuazima si kosa. Linda mwenyewe aliazima kanisani, harusini na kwa Wamarekani. Ubaya uko pale mwenye mali anaposahauliwa, na fungu lake kuliwa na wengine.

Kufa kwake

Ndege wa Jioni walivunjika mwaka 1948. Linda alioa, akakaa na mkewe Regina na watoto wao Soweto, katika nyumba ya watu maskini. Mwaka 1959 alianguka jukwaani akiimba. Figo zake zilikuwa zimeharibika. Aliugua miaka mitatu. Alifariki mwaka 1962, hata mwaka haujatimia tangu wimbo wake kushika nafasi ya kwanza Marekani. Fedha alizoacha benki hazikufika dola 25. Mkewe hakuweza kununua jiwe la kaburi, na kaburi la mtu huyu lilikaa miaka 18 bila jina juu yake.

Haki yachelewa kuja

Mwaka 2000 Rian Malan, mwandishi wa Afrika ya Kusini, aliandika habari hizi kwa urefu katika gazeti moja la Marekani, akakadiria kwamba wimbo ule ulikuwa umeleta dola milioni 15 kwa kutumiwa katika The Lion King peke yake. Watu wakashtuka. Mwanasheria Owen Dean akachunguza sheria za zamani, akapata jambo lililokuwa limesahauliwa. Sheria ya Kiingereza ya haki za watungaji ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni pia, ilisema kwamba mtungaji akiuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki hizo zirudi kwa warithi. Watu huiita sheria ya Dickens, kwa jina la yule mwandishi mashuhuri wa Kiingereza. Basi kwa hesabu hiyo, tangu mwaka 1987 wimbo ulikuwa mali ya jamaa ya Linda, hata kama aliuuza kwa shilingi 10.

Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa Pretoria kwa ajili ya binti zake watatu waliokuwa hai, na serikali ya Afrika ya Kusini iliwasaidia. Kabla ya hapo watungaji wengi wa Afrika walikufa bila kusikilizwa. Lakini Februari 2006 pande mbili zilipatana. Ilikubaliwa kwamba wimbo wa simba alalaye umetoka katika Mbube, kwamba jina la Solomon Linda litajwe kuwa mmoja wa watungaji wake, na kwamba warithi walipwe fedha za nyuma na za siku zilizokuwa zikija. Regina hakuyaona hayo; alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1990.

Haya ndiyo maisha ya Solomon Linda. Alijaliwa sauti, na sauti hiyo hakuna aliyemnyang'anya. Hata leo ukiisikia santuri ya mwaka 1939 utamjua mara moja. Alichonyang'anywa kilikuwa katika karatasi. Wengi wetu katika shule hii tutatunga nyimbo, tutaandika vitabu, au tutabuni vyombo vya kazi. Tusiione haya kusema kwamba karatasi hii siifahamu, nipe siku mbili nikamwonyeshe mtu aijuaye sheria. Na wale wanaoongoza kwaya yetu wanaweza kuanza leo na jambo dogo. Tunapoimba wimbo wa watu wengine katika sikukuu ya shule, jina la mtungaji na la nchi yake liandikwe katika orodha ya nyimbo wanayopewa wageni. Kama wimbo huo ni ule wa simba, jina la kuandika ni Solomon Linda, wa Pomeroy.